Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, notisi inabaki siku 28

Masoko ya tumbaku yanapokaribia kufunguliwa, Tabora huingia kwenye pilikapilika ya kutafuta watu. Kuanzia Urambo hadi Sikonge anatakiwa mhasibu, karani wa ghala, dereva wa lori, na kila anayeajiri ana haraka. Barua ya ajira inakuja imeandikwa "uripoti tarehe mosi", ilhali aliyeandikiwa bado yuko kazini kwingine na hajamwambia bosi wake neno. Aondoke mara moja, au amwombe mwajiri mpya amsubiri?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi akitaka kuacha kazi hutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Akiwa bado kwenye mwezi wake wa kwanza kazini, siku 7 zinatosha. Mkataba unaweza kuongeza muda huo, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Watu husema tu "notisi ya mwezi", lakini kama mkataba wako haukutaja muda, hesabu ni 28, na siku mbili tatu za tofauti zinaweza kukuokoa unapobishana juu ya tarehe.

Wanaotetea kuondoka haraka wana hoja. Soko likishaanza, marobota ya tumbaku yanapimwa na hesabu za wakulima zinatakiwa zifungwe. Meneja hawezi kuacha kiti wazi mwezi mzima ilhali aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili anapokea simu. Tena mwajiri mwenyewe akitaka uondoke leo, sheria inamruhusu akulipe fedha badala ya notisi na mambo yakaisha. Mfanyakazi akiuliza kwa nini yeye ndiye aonekane hana adabu, sioni wa kumlaumu.

Ila kuruka notisi kuna bei. Ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Ile mbinu ya "nitakula likizo iwe ndiyo notisi" haisimami pia, kwa kuwa sheria haitaki notisi iende sambamba na likizo. Siku za likizo zilizobaki unalipwa fedha. Halafu Tabora kila mtu anamjua mwenzake. Cheti cha utumishi utapewa, ni haki yako, lakini bosi mpya akimpigia simu bosi wa zamani hawasomeani cheti. Wataongelea funguo za ghala ulizoziacha kwa mlinzi na vitabu vya stoo ambavyo hukumkabidhi mtu.

Kinachonielemeza upande wa kusubiri, hata hivyo, ni jambo ambalo wachache hulipigia hesabu: ukiwa na chini ya miezi sita kwa mwajiri mpya, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haikuhusu. Unaacha mahali ulipojijengea kinga, unahamia mahali ambapo msimu ukienda vibaya unaweza kuambiwa asante. Mwajiri anayekataa kukupa hata wiki mbili kabla hajakujua, msome mapema.

Kwa hiyo zungumza tarehe kabla ya kusaini, wakati bado wanakuhitaji. Usiulize "mnaweza kunisubiri?" Sema: "Nashukuru kwa nafasi hii. Notisi yangu ni siku 28, nitaitoa siku nitakayopokea mkataba uliosainiwa, na nitaripoti siku ya kazi inayofuata baada ya kumaliza." Tarehe ikihesabiwa hivyo, mkataba ukichelewa ofisini kwao ucheleweshaji ni wao. Na barua ya kuacha kazi ibaki mfukoni mpaka mkataba uwe mkononi, hasa kama wanasema bado wanawapigia wadhamini simu.

Wakishikilia tarehe mosi, nenda kwa bosi wa sasa na pendekezo la makabidhiano: nani atachukua vitabu, stoo itahesabiwa lini, wewe utatoka siku gani. Wengine hukubali kupunguza notisi wakiona kazi haitalala. Akikubali, aandike na kusaini. Akikataa, muulize mwajiri mpya kama atabeba fedha utakazokatwa, maana haraka ni yake. Akisema ndiyo, kiasi hicho kiingie kwenye mkataba kabla hujaweka sahihi.