Barua imeandikwa koleji

Mwaka jana mzazi mmoja wa Tabata alinitumia kwenye simu picha ya ukurasa wa kwanza wa barua ya udahili. Binti yake, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alikuwa amekubaliwa kusoma Marekani. Chini ya picha baba aliandika: "Mwalimu, habari za leo. Mtoto kapata, ila ni koleji, siyo chuo kikuu. Nimwambie aachane nayo aombe tena mwakani?"

Sikumcheka, kwa sababu lugha yetu ndiyo iliyomfundisha hivyo. Kwetu vyuo vina ngazi: chuo cha ufundi, chuo cha kati, halafu chuo kikuu, na neno "kikuu" linajieleza. Waingereza nao walituachia mpangilio uleule. Taasisi iliyofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 ilikuwa koleji tu chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zilikuwa za London. Chuo kikuu kilikuwa mama, koleji mtoto. Mpaka leo Mkwawa na Chang'ombe ni vyuo vikuu vishiriki, na kila mtu anajua nani anamshiriki nani.

Marekani majina hayafuati ukoo huo. Dartmouth inajiita koleji, na iko katika kundi moja na Harvard na Yale. Boston College ni koleji kwa jina tu, maana inatoa shahada za uzamivu na ina wanafunzi maelfu kwa maelfu. University of Phoenix, kwa upande wake, ina neno "chuo kikuu" kwenye jina, nayo ni taasisi ya kibiashara iliyowahi kuwa na wanafunzi zaidi ya 400,000, wengi wao wakisomea kwenye kompyuta. Halafu zipo koleji za jamii, za miaka miwili, ambazo kweli zinafanana na vyuo vyetu vya kati. Kwa hiyo wasiwasi wa baba yule ulikuwa na msingi. Tatizo ni kwamba barua aliyoishika ilitoka kwenye familia nyingine kabisa: koleji ndogo binafsi ya miaka minne, inayofundisha shahada ya kwanza na kuishia hapo. Amherst, Williams, Swarthmore, Pomona na Grinnell ni za familia hiyo. Kila moja ina wanafunzi kama elfu mbili, nyingine hawafiki.

Upande wa pili vinasimama vyuo vikuu vya utafiti, vile ambavyo majina yake tunayajua kutokana na fulana. Uainishaji wa Carnegie, ambao Wamarekani wenyewe huutumia kuvipanga, uliweka vyuo 187 kwenye daraja la juu mwaka 2025. Masharti ya kuingia humo ni mawili: utumie angalau dola milioni 50 kwa mwaka kwenye utafiti, na utoe wahitimu wa uzamivu wasiopungua 70 kwa mwaka. Ukiyasoma tena masharti hayo utaona mtoto wa mwaka wa kwanza hayumo. Hakuna anayeuliza kama alifundishwa na profesa, insha yake ilisahihishwa na nani, au kama darasa lake la kemia lilikuwa na watu 20 au 400.

Hilo halina maana kwamba vyuo hivyo ni vibaya. Maabara zao ndizo zinazoibeba sayansi ya dunia, na kwa anayetafuta uzamili au uzamivu sina ushauri mwingine isipokuwa huko huko. Lakini umaarufu wao umejengwa na watu wengine, si na hawa wa shahada ya kwanza. Katika vyuo vingi vikubwa vya majimbo, kozi za mwanzo hufundishwa kwenye ukumbi unaojaa kama ule wa Nkrumah pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam siku ya kongamano, kisha makundi ya mazoezi hupewa wanafunzi wa uzamivu, ambao nao wana tasnifu zao kichwani. Profesa aliyepata tuzo yupo jengoni. Kumwona ni jambo lingine.

Kwenye koleji ndogo hakuna mwanafunzi wa uzamivu wa kumtuma, kwa hiyo profesa hufundisha mwenyewe na kusahihisha mwenyewe. Akitaka kufanya utafiti wake, mikono aliyonayo ni ya vijana wa miaka 20. Swarthmore ina mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi wanane hivi. Anayejua sekondari ya kata yenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa shule nzima ataelewa kwa nini nasimama kwenye hesabu hiyo.

Kuna takwimu moja ambayo imenikaa kichwani miaka mingi. Thomas Cech, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1989, alisoma shahada ya kwanza Grinnell, koleji iliyozungukwa na mashamba ya mahindi Iowa, kabla ya kwenda chuo kikuu cha Berkeley, California, kwa uzamivu. Mwaka 1999 aliandika kwamba koleji za aina hii, ukizilinganisha kwa idadi ya wahitimu wao, hutoa watu wanaokuja kupata uzamivu wa sayansi takriban mara mbili ya wastani wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya kwanza. Mara mbili! Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kuibandika ukutani.

Tangu hapo nimejifunza kuibishia. Kwanza, huo ni uwiano, si idadi. Ukihesabu vichwa, Berkeley inaishinda kwa mbali koleji yoyote kati ya hizi, kwa kuwa ina wanafunzi wengi. Pili, kijana anayechagua kwenda kusoma kijijini Iowa badala ya mjini huenda tayari ni mpenda vitabu, na angefika kwenye uzamivu hata kama angesomea chini ya mwembe. Hoja hii ya pili ni nzito, na sijaona anayeimaliza kabisa. Lakini kuna kitu kinanirudisha kwenye imani yangu ya zamani. Orodha hizo za uwiano huongozwa na Caltech, ambayo ni chuo kikuu cha utafiti kwelikweli. Shahada ya kwanza hapo ina wanafunzi kama elfu moja tu. Kwa maneno mengine, kinachofanya kazi huenda si jina la koleji wala la chuo kikuu, ni uchache wa watu mbele ya mwalimu. Jennifer Doudna, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2020, alianzia Pomona, kisha akaenda Harvard kwa uzamivu. Kila kimoja alikitumia kwa kazi kinayoiweza.

Na mfano wa kwetu upo, tena tunaupita bila kuutazama. Wangari Maathai alipopanda ndege mwaka 1960, kwenye ule mpango wa kupeleka wanafunzi Marekani uliosukumwa na Tom Mboya na wenzake, hakwenda Harvard. Alikwenda Mount St. Scholastica, koleji ya wasichana iliyoendeshwa na masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas. Alisoma biolojia, akahitimu mwaka 1964, akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili, na mwaka 1971 akapata uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Koleji ya masista ilimfundisha kusimama maabara, na chuo kikuu kikampokea akiwa tayari.

Sasa baba wa Tabata akiingia kwenye intaneti kuitafuta koleji ya bintiye katika orodha za vyuo bora duniani, hataiona. Si kwamba iko nafasi ya elfu mbili, haimo. Orodha ya Times Higher Education haipokei chuo ambacho hakijachapisha angalau makala 1,000 za utafiti ndani ya miaka mitano. Ile ya Shanghai huhesabu tuzo za Nobel na makala katika majarida makubwa. Koleji yenye walimu 200 wanaofundisha kutwa haiwezi kufika huko, na haijaribu. Ndani ya Marekani koleji hizi hupangwa kwenye orodha yao wenyewe, lakini orodha hiyo haivuki bahari.

Ningependa kusema kwamba orodha ni karatasi tu. Bahati mbaya zina meno. Tangu mwaka 2022 Uingereza inatoa viza maalumu kwa wahitimu wa karibuni wa vyuo vinavyoongoza kwenye orodha za dunia. Mhitimu wa Swarthmore hayumo, hata awe kinara wa darasa. Na hapa nyumbani Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huangalia ithibati ya chuo huko kilipo, sawa, lakini afisa ajira wa ofisi fulani pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, hana muda wa kutafuta Amherst ni nini. Atauliza, "Hiki ni chuo cha wapi?" na mtoto ataanza kujieleza.

Kuna mengine ambayo watetezi wenzangu huyapitisha haraka. Koleji nyingi ndogo hazina uhandisi. Swarthmore, Smith na Harvey Mudd wanao, lakini hao ni wachache. Nyingi zina mpango wa miaka mitatu hapo na miwili kwenye chuo kikuu rafiki, na ufadhili wa koleji kwa kawaida hauhami na mwanafunzi. Anayetaka udaktari ajue kwamba Marekani, kwenye koleji au chuo kikuu, udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule za udaktari huko huchukua wageni kwa kudonoa. Huyo aende Muhimbili, atamaliza mapema. Tena kuna upweke: mji wa watu elfu tisa, theluji mpaka Machi, na Waafrika mnaojuana wote kwa majina.

Kubwa kuliko yote, koleji ndogo zinakufa. Birmingham-Southern ya Alabama, yenye mizizi ya mwaka 1856, ilifunga Mei 2024. Wells ya New York, iliyoanza mwaka 1868, ilitangaza mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo kwamba muhula ule ndio wa mwisho. Wanafunzi walipewa wiki chache watafute pa kwenda. Wamarekani wamezaa kidogo tangu mtikisiko wa uchumi wa 2008, na taasisi inayoishi kwa ada ya wanafunzi 700 haina pa kujificha. Hata jina lililo kwenye cheti cha Wangari halipo tena: koleji ya masista iliunganishwa na ya wanaume mwaka 1971, sasa inaitwa Benedictine.

Lakini hapo hapo kwenye fedha ndipo hesabu inapogeuka. Mwaka wa masomo 2024/25, ada ya wastani iliyotangazwa na vyuo vikuu vya majimbo kwa anayetoka nje ya jimbo ilikuwa dola 30,780. Kwa vyuo binafsi visivyo vya faida, dola 43,350. Kwa juujuu cha serikali ni nafuu. Ila serikali hiyo si ya baba wa Tabata. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hakitoi msaada unaopimwa kwa uhitaji kwa mwanafunzi wa kigeni, kwa kuwa msaada huo ni wa wenyeji. Koleji binafsi haina mwenyeji wa aina hiyo. Grinnell ina mfuko wa zaidi ya dola bilioni 2 kwa wanafunzi wasiofika elfu mbili, kwa sababu Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri, alikaa kwenye bodi yake na kwa sababu Robert Noyce, mhitimu wake, alipoanzisha Intel koleji ilinunua hisa mapema. Amherst humdahili mgeni bila kutazama mfuko wa baba yake, kisha hulipa pengo lote. Berea ya Kentucky haijatoza ada tangu mwaka 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Milango hiyo ni myembamba mno, na Amherst huwakataa wengi wanaostahili. Koleji zenye mifuko mikubwa kiasi hicho ni chache.

Kwa hiyo nilimjibu baba yule kwa maswali, si kwa sifa. Mtoto anataka kusoma nini? Akasema takwimu, pengine uchumi. Mfuko wa koleji ni kiasi gani? Taasisi zisizo za faida huko hujaza fomu 990, taarifa ya fedha zao kwa mamlaka ya kodi, kila mwaka, na yeyote anaweza kuifungua. Na ufadhili ni wa miaka minne au wa mwaka wa kwanza tu?

Hakujibu. Baada ya saa nzima zilikuja picha nyingine mbili, ukurasa wa pili na wa tatu. Mchango wa familia kwa mwaka, ndege ikiwa nje, ulikuwa chini ya ada aliyokuwa akilipa shule ya bweni Kibaha. Miaka minne. Ukurasa wa tatu, alisema, hakuwa ameufungua. Aliishia kwenye jina.