Amplifaya haijafa, ipe waya mfupi kwanza

Sauti ya gitaa ilipoanza kufifia kwenye amplifaya ya kwaya yetu hapa Tanga, swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: tunaipeleka kwa fundi yupi? Nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo. Fundi akabadilisha transista, tukalipa. Jumapili mbili hazijapita, sauti ikafifia tena. Ikarudishwa, ikawekewa IC mpya (kile kipande cheusi chenye miguu mingi), tukachangishana tena.

Mara ya tatu mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za dansi miaka mingi akaomba waya mfupi, ule wa kuunganishia pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Akaigeuza amplifaya, akachomeka pini moja kwenye tundu lililoandikwa SEND na nyingine kwenye RETURN. "Haya mwanangu, piga." Nikapiga, sauti ikarudi, ukumbi mzima ukageuka kututazama.

Ndani ya tundu la RETURN kuna kipande chembamba cha chuma. Usipochomeka kitu, hicho ndicho kinachopitisha sauti kutoka sehemu inayoipokea na kuipa rangi kwenda sehemu inayoipa nguvu. Kikishika kutu au utando, sauti inapita kwa tabu: inafifia, inakatika, inapasuka. Waya wa mzee ulikiruka tu. Huku pwani hewa ya chumvi haimwachi mtu, na tundu lisilotumika kabisa ndilo linalochakaa kimyakimya, kwa sababu hakuna pini inayoingia na kutoka kulisugua. Mzee alipulizia spreyi ya kusafishia viunganishi vya umeme, akachomeka na kuchomoa pini mara kama kumi, kazi ikaisha. Spreyi ya viunganishi, tafadhali, si ile ya kulegezea kutu kwenye bawaba, maana ile huacha mafuta yanayokusanya vumbi.

Tangu siku ile nina msimamo, na nautetea popote: amplifaya isifunguliwe hata skrubu moja kabla vya nje havijamalizwa. Anza na gitaa. Magitaa mengi ya kanisani ni ya mbao yenye kifaa ndani kinachotumia betri ya volti 9, na betri ikikaribia kuisha sauti hukwaruza kabla haijazimika. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri hiyo inaliwa hata kama hakuna anayepiga. Halafu waya wenyewe. Ukunje taratibu karibu na pini huku mwenzako akipiga. Ukisikia sauti inakuja na kupotea, huenda lehemu imeachia. Pedali zote zitoe, chomeka gitaa moja kwa moja. Volyumu inayokwaruza ukiizungusha mara nyingi ni uchafu tu, dawa ni spreyi ileile.

Spika nayo inasingiziwa sana, ingawa mara nyingine ndiyo mkosaji. Zima amplifaya, weka vidole pande mbili za koni, ile karatasi inayotikisika mbele ya spika, isukume polepole ikiwa sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, na hapo hakuna spreyi itakayosaidia. Itazame pia kama imechanika. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks, Uingereza, aliikata kwa wembe koni ya spika yake makusudi ili gitaa lingurume, na wapigaji wa roki wakaipenda sauti ile. Sisi tuliolelewa kwenye mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za dansi za zamani za hapa Tanga, tunataka kinyume chake: solo na rithimu zikijibizana, kila noti isikike peke yake. Kwetu spika iliyochanika ni hasara tupu.

Umeme nao uangalieni. Kama sauti inaharibika saa moja jioni tu, taa zinapofifia mtaa mzima, au harusini kwenye jenereta dogo linalobeba pia friji na taa za jukwaa, msilaumu amplifaya. Ijaribuni asubuhi.

Kuna mahali nami nasimama. Amplifaya za valvu, zile zenye balbu za kioo badala ya transista, zina kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na volti 400 na zaidi hata ukiwa umeshachomoa waya wa umeme, na volti hizo zinaua. Hizo mwachie anayejua kuzimaliza kabla ya kugusa. Wala usiiwashe ya valvu bila spika ukidhani unaipima, unaweza kuiunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ni ghali.

Sisemi haya kuwadharau mafundi. Wapo wanaofanya kazi kwa akili na subira, na kazi yao inastahili kila senti. Ila ukienda, nenda na gitaa lako na waya uleule unaoutumia. Mweleze sauti inaharibika lini: tangu unapowasha au baada ya nusu saa, ukipiga polepole au ukikaza mkono. Fundi mzuri atakuwa ameshaanza kuuliza hayo kabla hujakaa. Anayepokea amplifaya na kushika bisibisi palepale, bila hata kusikia inavyolia, mimi yangu naibeba na kurudi nayo nyumbani.