Konokono wa ziwani: tazama mdomo wa gamba kabla ya kumwaga dawa

Kichocho kikitajwa huku kando ya Ziwa Viktoria, hakosi mtu wa kusema dawa imwagwe konokono wote wafe. Napinga. Niklosamidi, dawa ya kuulia konokono, huua samaki pia, na ziwa halina ukuta: magugu maji yakisukumwa na upepo huleta konokono wengine. Kwanza tuwatambue wanaobeba ugonjwa.

Shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, huyo ni Bulinus, mbebaji wa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, na gamba ni jembamba lisilo na kifuniko, mshuku Lymnaea, anayepitisha minyoo ya ini ya ng'ombe. Gamba bapa, lililojiviringa kama kamba iliyolazwa chini, ni la Biomphalaria. Huyu wa mwisho ndiye hasa wa kuangaliwa Kisumu, maana hubeba kichocho cha tumbo, na hupenda mafunjo kama ya kinamasi cha Dunga. Yule mkubwa mwenye kifuniko kigumu ni Pila. Hana hatia ya kichocho, na korongo weusi wenye mdomo ulioachana katikati humtegemea kwa chakula. Kumuua ni hasara tupu.

Kumpima Biomphalaria kama ana kichocho hakuhitaji mashine. Vaa gambuti na glavu za mpira, mchote kwa chujio lenye mpini mrefu. Weka konokono mmoja kwa kila glasi, na maji safi kidogo, kisha uanike juani saa nne asubuhi kwa saa moja au mbili. Tazama kwa lenzi, nyuma kukiwa na kitambaa cheusi: serkaria, yaani mabuu ya kichocho yanayomtoka konokono na kumwingia mtu kupitia ngozi, ni vijiuzi vyeupe vyenye mkia wa panda. Maji ya mfereji yenye klorini yatawaua usione kitu, na jua kali la muda mrefu litamuua konokono mwenyewe.

Jua hilohilo ndilo huwafanya serkaria wamtoke konokono huko ziwani. Kwa hiyo anayeosha gari adhuhuri, maji yakimfika magotini, amechagua saa mbaya kuliko zote. Maji ya kuogea yachujwe konokono, yafunikwe, yakae saa 48. Serkaria watakuwa wamekufa.

Glasi isipoonyesha kitu, usitangaze ufuo ni salama. Konokono aliyeambukizwa karibuni huchukua wiki 4 au zaidi kabla ya kutoa serkaria. Rudi palepale baada ya mwezi, upime tena.