Kiini cha Dunia Kilicholewa

Kwa siku nne niliamini nimegundua kwamba kiini cha dunia kiliwahi kulewa.

Ushahidi ulikuwa mezani: vijiti vinane vya basalti vya sentimita 2.5 kipenyo, vyote kutoka mtiririko mmoja wa lava. Nilivitoboa mwenyewe kwa kekee ya almasi, mwenzangu akipampu maji ya kuipoza. Kila kijiti nikakikata vipande vya sentimita 2.2. Maabara nikapasha kipande kimoja cha kila kijiti hatua kwa hatua, nyuzijoto 100, 200, mpaka 580, ambapo magnetaiti, madini ya chuma yanayobeba sumaku ya jiwe, husalimisha sumaku yake yote. Data ikanyooka kama uzi. Ila kila kijiti kilikuwa na kaskazini yake, vingine vikipishana nyuzi 40.

Lava ikipoa hufungia ndani yake mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati huo, na lava nyembamba hupoa kwa siku au wiki chache. Chuma kiowevu kinachozalisha uga wa sumaku, kilomita 2,900 chini yetu, hakina mbio hizo. Hata kaskazini na kusini zilipobadilishana mara ya mwisho, miaka kama 780,000 iliyopita, kazi ilichukua maelfu ya miaka. Mtu mwenye akili angeitilia shaka dira aliyopimia vijiti. Mimi nilianza kuandika ikisiri, muhtasari wa makala ya ugunduzi wangu.

Nikamwonyesha mwenzangu.

"Radi?" akauliza.

Nikamjibu kwa maringo kwamba jiwe lililopigwa na radi huwa na sumaku kali kupita kiasi, na mielekeo yake huvurugika yote. Mawe yangu yana nguvu ya kawaida, tena mwinamo, yaani pembe ya sumaku kuelekea chini, unalingana, tofauti ni nyuzi mbili tatu tu.

Akanyamaza kidogo.

"Mwinamo wa kila kijiti ulipima kwa kifaa gani?"

"Kipimapembe."

"Na kaskazini?"

"Dira."

"Bwana wee, simu yako ilikuwa wapi?"

Mfuko wa shati. Kwenye kava linalojifunga kwa sumaku. Kila nilipoinama kusoma dira juu ya bomba la alumini linaloingizwa tunduni kupima kijiti kimeelekea wapi, mfuko ulishuka mpaka chini ya shubiri moja kutoka kwenye sindano. Na kwa kuwa kila tundu nililiinamia kutoka upande wake, sindano ilinifuata kama paka aliyenusa samaki.

"Basi dira ya jua?"

Hiyo hutafuta kaskazini kwa jua, si kwa sumaku: inataka kivuli cha pini, saa kamili mpaka dakika, na mahali ulipo kwenye ramani. Niliiruka. Jua lilikuwa kali.

Bahati, vipande pacha vilikuwa havijaonja moto. Vikaenda kupimwa nguvu ya uga wa kale: kila hatua unapasha mara mbili, mara moja unapoza pasipo uga, mara nyingine ndani ya uga unaoujua, mfano mikrotesla 40, kisha unalinganisha sumaku iliyopotea na iliyoingia. Nguvu haijali kaskazini ilikuwa upande gani.

Mielekeo, ilibidi turudi kutoboa upya.

"Simu nimeiacha garini," nikamwambia, kifua mbele.

"Na gari umeliegesha wapi?"

Lilikuwa nyuma yangu, hatua tatu.