Nashville na swali la "mko wangapi?"

Hapa Nashville, mji wa muziki wa kantri huko Marekani, kila mlango wa baa unaulizwa, "Mko wangapi?" Mmoja, dada. Mmoja! Basi unasukumiwa kwenye kistuli jirani na choo, na meza ya watu wanne iko tupu pale. Nje, mtaa wa Broadway umezibwa na maharusi watarajiwa na mashosti zao, kofia za kauboi kichwani, wanapiga mayowe juu ya baa za magurudumu, zile abiria wanaziendesha kwa kukanyaga pedali huku wakinywa. Mimi nimefuata gitaa! Kweli kiingilio mara nyingi hakuna, wanamuziki wanategemea bakshishi (nilitoa, msinitazame hivyo), ila wimbo wenyewe nausikiaje? Afadhali Ryman, ukumbi wa muziki, jengo la 1892: ukishakaa kwenye mabenchi yake ya kanisa, hakuna anayekuuliza mwenzio yuko wapi.