Mjomba tulimwambia atulie

Mjomba alivunjika paja bodaboda ilipoteleza karibu na Kibaigwa. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, siku ya sita akaruhusiwa. Tukampokea kwa mapenzi yote: kitanda sebuleni, uji wa uwele, na kila aliyeingia akimsalimu "Mbukwa, mjomba", kisha "tulia hapo hapo, usijisogeze."

Akatulia kweli. Wiki ya pili shavu la mguu likavimba, likawa la moto. Mama mdogo akapasha mafuta, akamchua.

Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani. Tuliporudi hospitali muuguzi alitukataza kuchua tena: bonge likichomoka, linakwenda mapafuni, na hapo mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Mjomba alipona, namshukuru Mungu, lakini bado inaniuma kwamba tulikuwa tunamuumiza huku tukidhani tunamtunza.

Damu huganda inapotuama, mshipa unapojeruhiwa, na damu yenyewe inapokuwa rahisi kuganda. Aliyevunjika paja ana yote matatu, na hilo la kutuama tulimwongezea sisi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Hata mtu akiwa kitandani, kukunja na kukunjua kifundo cha mguu kunasaidia.

Karatasi ya kuruhusiwa ilitaja kidonda na tarehe ya kliniki tu. Sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda ziliishia wodini, ilhali kwa upasuaji mkubwa wa nyonga kinga inaweza kuendelea hadi siku 35. Najua sindano hizo ni ghali kwa mkulima wa Kongwa. Lakini mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada, wagonjwa zaidi ya 12,000 waliovunjika mifupa, ukaonyesha kuwa aspirini haikuzidiwa na sindano katika kuzuia vifo, ingawa mabonge ya miguuni yalikuwa mengi kidogo. Basi daktari na ndugu wakae waongee, dawa ipi na kwa siku ngapi. Simshauri mtu ajinunulie dukani. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuvuja damu.

Kabla hujamtoa mgonjwa wako wodini, uliza pia lini aanze kukanyaga na magongo. Na akishafika nyumbani, pumzi ikimbana ghafla, kifua kikichoma au akakohoa damu, gari litafutwe usiku huohuo, hata kama kliniki ni kesho asubuhi.