Karanga za Afande

Mwanajeshi ni mmoja. Wanaomhurumia ni ukoo mzima. Mlipaji ni mimi. Hesabu ya namna hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeikataa.

Kijana wetu, mtoto wa marehemu kaka yangu, yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati na wenzake wa JWTZ, wamevaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa. Kambi yao iko Berberati, magharibi kule, upande wa Kameruni. Sisi hapa Chang'ombe ya Dodoma tunasema "yuko Bangui", maana Bangui ina uzito ukiitamka mbele ya wanakikoba. Basi usiku mmoja akapiga simu. Kwao saa mbili, kwetu saa nne, mimi nimeshaingia kwenye neti. "Baba mdogo, shikamoo. Huku chakula kipo, tunashiba. Ila nimekumbuka karanga na ubuyu wa nyumbani."

Karanga na ubuyu. Vitu viwili. Katika Dodoma hii, ukiacha upepo na vumbi, hakuna kinachopatikana kirahisi kuliko hivyo. Mibuyu iko kila unapogeuza shingo. Karanga zimejaa Majengo sokoni, unachagua za kukaanga na chumvi au za kukaanga na mchanga. Nikapiga hesabu palepale gizani: elfu kumi na tano, na chenji ya soda inabaki. Nikalala vizuri sana.

Kumbe mke wangu, Mama Neema, hakulala. Asubuhi nakuta ameshatangaza kwenye kundi la familia: "Wapendwa, mtoto analia njaa huko vitani." Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na mabega kama mlango wa ghala. Na njaa hakuitaja, alisema wazi wanashiba! Lakini ukoo wetu ukishasikia "njaa", maelezo mengine hayasomwi tena.

Vikamiminika viganja vya kusali. Kila mtu kiganja, kiganja, amina, kiganja. Sasa viganja hivyo ungevipeleka dirisha gani wakakugongea muhuri? Nikaandika kwa adabu kwamba mwenye chochote atume kwenye namba yangu. Kundi likanyamaza ukadhani bando limeisha nchi nzima. Baadaye shemeji yangu, ana ofisi yake Mtumba, mji wa serikali, na gari lenye viyoyozi mbele na nyuma, akatuma buku mbili. Ya kutolea hakuweka.

Ila vitu, jamani, vitu vililetwa! Hela hawana, mizigo wanayo.

Shangazi alishuka kutoka Mvumi na kiroba cha mlenda mkavu. "Mbukwenyi!" anasalimia kwa Kigogo tangu getini, na mimi hata kabla sijaitikia nimeshatwishwa. Mlenda huo ungetosha kikosi kizima na wanakijiji wanaokizunguka. Binamu wa Manyoni akaleta asali kwenye chupa ya maji ya kunywa, kifuniko kimekazwa na kipande cha mfuko, na bado inachuruzika, sisimizi wamepanga foleni kuliko sisi siku ya mafuta ya bei poa. Mama mkwe akaleta togwa, dumu la lita tano. Jirani akaleta kashata. Mdogo wake Mama Neema akaja na mfuko mkubwa wa bisi. Nikamwambia bisi zote hizi za nini, akanijibu, "Shemeji, bisi ni nyepesi, hazitakula kilo." Kumbuka maneno hayo, maana mimi yamenigharimu.

Mama Neema mwenyewe alitaka zabibu. Si kavu, mbichi, za kwenye kichane. Huwezi kutoka Dodoma ukaenda kwa mtu bila zabibu, ndivyo anavyoamini, hata kama mtu mwenyewe yuko nchi nyingine. Nikamuuliza, mama, zabibu mbichi zikae njiani wiki mbili, tatu, zitafikaje? Akanitazama. "Zikichacha si ndiyo mvinyo?" Nikakosa la kusema. Akaongeza chokoleti, ambayo kwa jua la hapa iligeuka uji kabla haijavuka sebule. Akaongeza na sabuni ya mche. Nikasema sabuni na kashata visilale boksi moja, kijana atakuja kutafuna kashata inatoa povu. Nikaambiwa nina roho mbaya.

Sasa boksi. Zamani boksi tupu ulikuwa unaomba dukani, mwenye duka anakushukuru kwa kumpunguzia takataka. Siku hizi boksi tupu lina bei, na likiwa halijakunjwa kona lina bei yake. Seloteipu nayo, unanunua rola nzima, watoto wanaifungia madaftari, ukiigeukia imebaki duara la ndani. Halafu magazeti ya kujazia mapengo. Nani ananunua gazeti leo? Watu wanasoma kurasa za mbele kwenye simu, wanatosheka, wanaanza kubishana. Nilikwenda kuyanunua kwa muuza maandazi, anayapima kwa kilo. Nimelipia habari za mwaka juzi.

Tukafika kwenye ofisi moja ya kusafirisha vifurushi. Ndani safi, kiyoyozi, dada mpole. Akaweka boksi kwenye mizani: kilo saba. Nikavuta pumzi, si mbaya. Kisha akatoa tepu ya kupimia, ile ya fundi cherehani. Nikadhani anachukua vipimo vya kulishonea nguo.

"Baba, urefu 50, upana 40, kimo 40. Tunazidisha, tunagawa kwa 5000. Ni kilo 16."

Nikamwambia mizani yako mwenyewe imesema saba. Akasema ndiyo baba, lakini ndege inabeba na nafasi, tunalipisha ile iliyo kubwa. Yaani, nikamuuliza taratibu ili nisimkosee heshima, hizo kilo tisa nyingine ni za nini? Akatabasamu. Ni bisi. Ni hewa iliyo katikati ya bisi. Mimi mkazi wa Dodoma, mji unaopuliza upepo mwaka mzima mpaka mabati yanapiga kelele, nimepanga foleni ili nilipie upepo kwenda nje ya nchi!

Akataja bei. Nilidhani ananisomea namba yake ya simu.

Tukahamia dirisha jingine, la posta, la bei za wananchi. Huko bei ilikuwa ya kuvumilika, lakini kuna fomu ya forodha. Taja vilivyomo kimoja kimoja, uzito, thamani. Thamani! Mama Neema akaninong'oneza, "Andika laki tatu, asije akaonekana katoka nyumba ya maskini." Nikamwambia ukiandika laki tatu ushuru nao unakuja wa laki tatu. Akaninong'oneza tena, "Basi andika hela ndogo, ila kwa mwandiko mzuri."

Halafu ukaja mtihani wa vilivyomo. Karanga, sawa. Kashata, sawa. Ila unga wa ubuyu ni mweupe, laini, uko kwenye kopo lisilo na lebo. Mlenda ni unga wa kijani, umefungwa vifuko vidogovidogo na uzi mweusi, maana Shangazi hapendi vitu vilegevu. Sasa jiweke wewe ndiye ofisa wa forodha. Kijiboksi kinatoka Dodoma, kinakwenda kwa askari mwenye silaha, kimejaa vifuko vya unga mweupe na wa kijani, na pembeni kuna chupa inachuruzika kitu cha kahawia. Utakionja? Yule kaka wa dirishani alinitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Wakati huohuo Arusha, nchi hiihii, ndiyo makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, jengo la ghorofa 17, rais alilizindua mwaka 2023. Bara zima linazipangia barua zake mipango pale, na mimi nimekwama na kopo la ubuyu.

Tukarudi nalo nyumbani. Nauli ya bajaji, kwenda na kurudi, na boksi limekalia kiti changu.

Mungu si Athumani. Ikapatikana habari kwamba kuna afande wa kikosi hichohicho yuko likizo Kizota na anarudi kazini. Tukamwendea, watu wa heshima, na kuku mkononi. (Kuku huyo hakuwa kwenye bajeti.) Akatusikiliza vizuri. "Mzee wangu, kila mtaa umeshanipitia. Nawapa kilo tatu. Na kusiwe na kimiminika." Mama Neema akaanza kumpunguzia kwa namna anavyopunguza nyanya: tano basi, nne na nusu, nne ya kirafiki. Afande akakaa kimya. Yule ni mtu aliyefundishwa kuvizia usiku kucha, hawezi kuyumbishwa na mwanakikoba.

Kilo tatu. Hapo ndipo likaitishwa baraza la familia. Bunge haliko mbali na kwangu, linapitisha matrilioni kila Juni kwa kugonga meza, lakini bajeti ngumu kuliko zote mwaka ule ilipitishwa sebuleni kwangu, Shangazi kwenye kiti. Bisi zilitoka kwanza, bila kura. Asali ikatoka kwa sharti la afande. Sabuni ikatoka. Kashata watoto walikuwa wameshazipunguza kimyakimya, tukamalizia. Togwa ilijitoa yenyewe: ilikuwa imekaa kwenye kona na joto lake, usiku tukasikia mlio, dumu limepasuka, ukuta mpaka leo una ramani. Mlenda ndio ulileta mtafaruku. Shangazi alisema ukiondolewa mlenda na yeye anaondoka. Tukauachia robo.

Mwisho wa yote, kifurushi kikawa karanga, ubuyu, mlenda robo, na zabibu kavu kidogo za kumpoza Mama Neema. Yaani kile kitu alichoomba kijana mwenyewe, gizani, kwa sauti yake, na mimi nikiwa ndani ya neti nimeshakipigia hesabu ya elfu kumi na tano! Sasa jumlisha boksi, seloteipu, habari za mwaka juzi, bajaji, kuku, rangi ya ukuta. Waingereza walikuja Kongwa hapo, unakunja Mbande, wakaanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, na kufika 1951 wamekunja jamvi baada ya kuzika mamilioni ya pauni. Shuleni tulikuwa tunawacheka. Mimi sasa siwacheki. Karanga za ukanda huu zina tabia ya kumla mtu.

Zilifika. Kijana akatuma ujumbe wa sauti, nyuma wanaume wanacheka. "Baba mdogo, asanteni sana. Karanga zimeisha usiku uleule. Mlenda tumepika, kuna Mgogo mwenzangu hapa amenyamaza mezani mpaka sahani ikaisha. Sasa wenzangu nao wanaomba. Wa Kigoma anataka migebuka. Wa Unguja anasema ubuyu wenu mkavu sana, mtume ule wa rangi wenye pilipili. Na wa Bukoba anaulizia senene."

Senene! Dodoma hapa nitakamata senene kwenye taa gani?

Ujumbe ule nilitaka kuufuta, lakini Mama Neema ana mkono mwepesi, ameshaurusha kwenye kundi. Viganja vinamiminika. Shemeji wa Mtumba safari hii ametuma buku, na bado ya kutolea hakuweka. Mama Neema ameshakwenda stendi kuulizia basi la Bukoba linaingia saa ngapi. Nikamkumbusha habari ya kilo tatu za afande. Akasema nisiwe na wasiwasi, senene ni wepesi, hawatakula kilo.